Mgongo wa kiti wenye nakshi za kutoboka, mtindo wa New York wa miaka ya 1850

Mchongaji_Nsambya: Mafundi, habari za kazi. Mteja anataka viti 2 vyenye mgongo wa mizabibu na maua yaliyotobolewa hadi mwanga upite, kama vya matajiri wa Marekani wa zamani. Nikitumia ubao mmoja wa mvule wa milimita 40, vijiti vinavyokatisha uzi wa mbao huvunjika patasi ikigusa tu. Wale walitumia mti gani?

Randa_Jinja: Siri haiko kwenye mti, ndugu, iko kwenye matabaka. John Henry Belter, Mjerumani aliyehamia New York, aligandisha vinia (mbao nyembamba sana) za mti wa rozwudi, mara nyingi 6 hadi 8, kila moja kama milimita 1.5, nyuzi zikikatana. Kijiti kipinde kokote, matabaka kadhaa yatakishika kwa urefu. Hataza yake (haki ya uvumbuzi) ya 1858 inahusu kukunja mgongo pande mbili kwa pamoja. Hilo liache, pinda upande mmoja.

Mzee_wa_Ndeeba: Chukua vinia 7 za mahogani. Zikiwa namba shufwa ubao hujikunja wenyewe. Za nje uzi usimame wima. Kalibu ya ndani na ya nje zisiwe na mkunjo uleule: nusu kipenyo zipishane milimita 11 hivi, yaani unene wa vinia zote 7, la sivyo pembeni patabanwa na katikati pabaki pengo. Kalibu zifunike nailoni zisigandamane na vinia. Gundi nyeupe hapana! Huteleza taratibu, na baada ya miezi mgongo umenyooka. Tumia gundi ya unga ya urea, klampu saa 24, na kalibu ipinde zaidi kidogo kuliko unavyotaka, maana mbao hurudi.

Mchongaji_Nsambya: Asante, mzee. Na maua yanayochomoza sentimita 3 yatatoka wapi kwenye milimita 11?

Mzee_wa_Ndeeba: Hayatoki humo. Unabandika vipande vya mbao nzima juu, halafu unachonga. Lakini toboa kwanza: keekee, kisha msumeno mwembamba, na ubao wa taka nyuma ili vinia isichanike. Miguu ibaki mbao nzima.

Randa_Jinja: Mvule una vijiwe vya chokaa ndani, vinaua makali ya patasi, mahogani ni afadhali. Rozwudi ya Brazili usiihangaikie, biashara yake ya kimataifa imebanwa tangu 1992. Paka mahogani rangi ya kahawia iliyokolea, kisha vanishi ya shelaki. Mistari ya matabaka itaonekana kwenye kingo. Mteja akilalamika, mwambie vya Belter pia vinayo, na wanunuzi huitafuta hiyo mistari.