Maonyesho ya "kumbukumbu za jiji" Mwanza: picha za mama yangu hamjarudisha, na mtu mmemkata

Mwangaluka wakuu.

Moderata, naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa vivutio vya Mwanza. Haya ni malalamiko, nimeyaandika nikiwa na hasira ya siku tatu, kwa hiyo mtanivumilia nikirukaruka.

Kuna maonyesho ya picha za mnato yanaendelea kwenye ukumbi mmoja hapa katikati ya mji. Ukumbi siutaji, waandaaji siwataji, wenyewe wanajijua. Bango la mlangoni linasema utamaduni, historia na kumbukumbu za jiji. Kiingilio elfu tano. Jumamosi nimempeleka bi mkubwa, kavaa kitenge chake cha kanisani, kajipaka mafuta mpaka viwikoni, maana alijua anakwenda kujiona ukutani.

Nirudi nyuma ili mnielewe. Mwaka jana mwezi wa nne vijana watatu walibisha hodi nyumbani Mabatini, vitambulisho shingoni, shikamoo zimejaa mdomoni. Wakasema wanakusanya picha za zamani za Mwanza, wataziskani na kuzirudisha ndani ya wiki mbili. Bi mkubwa akawachemshia viazi na chai, akatoa lile bati la biskuti analotunzia picha tangu mimi sijazaliwa, akawachagulia picha 14. Wakaandikishana kwenye karatasi ya daftari, sahihi chini ya sahihi. Wiki mbili zikawa miezi. Simu mwanzoni inapokelewa, baadaye "nipo kwenye kikao mama", baadaye namba haipatikani. Habari za maonyesho yenyewe tumeziona kwenye status ya jirani.

Basi tukaingia.

Picha ya kwetu tuliyoikuta kwanza ni ya marehemu mzee. Kasimama gatini na koti la kuazima, mikono mirefu kuliko mikono yake, nyuma yake meli. Maelezo: "Abiria mbele ya MV Bukoba, miaka ya 1960." Wakuu, miaka ya sitini MV Bukoba iko wapi? Ile meli imekuja mwishoni mwa miaka ya sabini. Ile pale ni MV Victoria, iliyounganishwa Kisumu ikaanza kazi 1961, na mtu wa Mwanza wa umri wangu anaitambua hata ukimwonyesha kivuli. Wala haikuhitaji utaalamu. Mzee aliandika nyuma kwa wino, kwa ule mwandiko wao wa shule za misheni: "Ukumbusho wa safari ya Bukoba, ndani ya Victoria, 1969." Mtu kaliona neno Bukoba, kaacha kusoma hapo hapo.

Nikasema hili tutalimeza. Mzee mwenyewe angecheka.

Ukuta wa pili kuna picha ya Igoma, hii si ya kwetu. Makaburi mapya, watu wamefunga vitambaa puani, na kila aliyekuwa Mwanza mwaka ule anajua kwa nini. Maelezo: "Msiba kandokando ya ziwa." Mwaka hakuna, meli haikutajwa. Igoma na kandokando ya ziwa wapi na wapi? Igoma ni huko barabara ya Musoma! Pale wamelala watu wa MV Bukoba, ile iliyopinduka asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imebakiza kidogo tu kufika Mwanza, wakafa zaidi ya watu 800. Yaani neno MV Bukoba wamelibandika kwenye meli isiyo yake, halafu penye msiba wake wameliacha. Na kati ya hizo picha mbili ni hatua kama sita, nimezihesabu.

Kuna na ya mcheza ngoma na chatu shingoni, wameandika "mganga na nyoka". Bujora si mbali, Kisesa hapo tu, makumbusho ya Wasukuma yapo tangu zamani, aliyaanzisha Padri David Clement. Nauli ya daladala tu wangeelezwa Bayeye, wale wacheza ngoma na nyoka, ni akina nani, na vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu ni akina nani. Tuendelee.

Sasa picha yenyewe.

Wameikuza mpaka imekuwa ndefu kuliko mlango. Bi mkubwa kakaa kwenye kiti cha studio, miguu kaikunja upande, mapajani kashika redio, mkononi saa. Maelezo yamepigwa kwa Kiingereza kwa herufi kubwa, Kiswahili kiko chini kwa herufi za karatasi ya dawa: "Mwanamke asiyejulikana. Mwanza, miaka ya 1960. Mpiga picha hajulikani."

Mama akavaa miwani, akasogea, akasoma kwa sauti, neno moja moja, kama anayesoma barua ya serikali. Akanigeukia: "Asiyejulikana? Na wale waliokula viazi vyangu?"

Nyuma ya ile picha kuna majina mawili. Kuna mwaka, 1974. Kuna maneno "siku ya mshahara". Kuna muhuri wa zambarau wa studio, na sanduku la posta juu. Ile studio ilikuwa Makoroboi, imefungwa zamani, lakini watoto wa yule fundi picha wapo hapa hapa mjini, namba ya mmoja wao nimeipata kabla ya saa kumi jioni siku hiyo hiyo, kwa kuuliza watu wawili. "Hajulikani" maana yake hatukuuliza.

Halafu ile redio. Kuna ubao mzima pembeni unaoielezea. Eti mwanamke wa mjini baada ya Azimio la Arusha anaikumbatia redio kama ishara ya kudai nafasi yake katika taifa jipya. Bi mkubwa nilipomsomea alicheka mpaka akashika ukuta. Redio ilikuwa ya studio, ganda tupu, betri hamna, ndani hamna kitu, fundi aliiokota kwa fundi redio. Makoroboi nzima imepiga picha na redio ile. Na saa pia ya studio, ilikuwa imesimama saa nne na dakika kumi miaka yote, ukizikuta picha za watu wa Mwanza za wakati ule angalia mikononi utaniambia. Hiyo ndiyo hadithi! Ganda moja la redio limezunguka kwenye mapaja ya mji mzima. Wangemuuliza tu mwenye picha, wangekuwa na ubao wa kusomwa mpaka mwisho.

Kicheko kikakatika ghafla. Akanyoosha kidole juu ya bega lake pale pichani.

Kuna mkono. Vidole vinne vya mtu mwingine, vimelala juu ya bega la kulia, na bangili. Mwenye mkono hayupo.

Mwenye mkono ni shoga yake. Walianza kibarua kiwanda cha nguo cha Mwatex wiki moja, wakapanga chumba kimoja Igogo, na siku ya mshahara wa kwanza uliotimia wakaenda kupiga picha, mmoja kakaa, mwingine kasimama nyuma yake. Mkanda ukasafishwa, zikatoka nakala mbili, kila mtu yake. Baadaye yule mama akaacha kiwanda, akaingia biashara ya ndizi, kwenda na kurudi Bukoba. Mei 1996 alikuwa kwenye ile meli. Mwili haukutambuliwa. Kwa hiyo bi mkubwa hana kaburi la kwenda, ana ile picha. Kila tarehe 21 Mei analifungua lile bati, anaitoa, anaiweka juu ya kabati, jioni anairudisha. Mwaka huu hakuwa nayo, na sikujua kwa nini alishinda kimya.

Nikamwita kijana wa pale. Nikamuuliza, mwenzake yuko wapi? Akanijibu bila hata kukunja uso: upande ule ulikuwa na doa la ukungu, wakaona "wasawazishe fremu".

Nikatoa simu nipige picha ule ukuta, akaniambia hairuhusiwi kupiga picha humu ndani. Mimi. Picha ya mama yangu. Naye kasimama pembeni yangu ananishika mkono nisije nikafanya la kufanya.

Haya, mkitoka nje kuna meza. Wanauza kadi, kalenda na mifuko ya kitambaa. Kadi ya kwanza kabisa kwenye rundo ni bi mkubwa na redio yake. Elfu tatu. Nimenunua, risiti ninayo.

Najua watakuja wale wa "mkuu mnapenda kulalamika, vijana wamejitahidi". Wamejitahidi kweli, fremu nzuri, taa nzuri. Na najua atakuja mwanasheria wa jukwaa kuniambia haki ya picha ni ya mpiga picha, si ya aliyepigwa. Sawa, tuanzie hapo hapo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218, inazitambua picha kama kazi yenye mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kutajwa. Sasa yule fundi wa Makoroboi katajwa wapi? Watoto wake wameulizwa lini kabla kadi hazijachapwa? Na karatasi zenyewe, zile 14, ni mali ya bi mkubwa, hilo halihitaji wakili.

Na jambo hili si geni. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, akapiga mji mzima, negativu akazitunza. Mwaka 1991 picha zake zikatundikwa New York, zimeandikwa mpiga picha hajulikani. Wakati huo mzee alikuwa hai, yupo Bamako, anajulikana mtaa mzima! Mtu mmoja tu alipofunga safari kwenda kuuliza, akampata. Leo ni miongoni mwa wapiga picha wanaoheshimiwa zaidi Afrika. Wale wa New York walikuwa na kisingizio cha bahari. Nyinyi kutoka ukumbini kwenu mpaka Makoroboi ni dakika ngapi kwa miguu?

Tena sisi watu wa Mwanza ndio tungekuwa wa mwisho kufanyiana hivi. Si mnakumbuka ile filamu ya mapanki (mifupa ya sangara), Darwin's Nightmare ya 2004, ya yule jamaa wa Austria? Tulikasirika mji mzima, mpaka Rais Kikwete akaisema hadharani mwaka 2006, kwamba tumeonyeshwa tusivyo. Yule alikuwa mgeni. Hawa wameamkia shikamoo, wamekula, wameaga.

Ninachotaka. Picha 14 zirudi, zote, na lile doa lake la ukungu. Ile kubwa ishushwe mpaka itundikwe nzima. Kadi ziondolewe mezani. Halafu hao "wasiojulikana" wengine, nimehesabu picha 31 zenye neno hilo ndani ya ukumbi, wazitoe nakala, wapeleke Makoroboi asubuhi moja, watundike kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, waweke na benchi la wazee. Kabla ya adhuhuri nusu zitakuwa na majina, na ugomvi juu ya zilizobaki.

NAHARIRI, saa tatu usiku: kuna mtu wa huko kanipigia, kaona uzi. Mpole sana. Anasema picha zipo salama, ila zitarudi baada ya maonyesho kwenda Dar. Nimemwambia Dar haziendi. Akasema basi angalau nimtumie jina kamili la mama ili wabadilishe maelezo kesho asubuhi. Nikampa bi mkubwa simu waongee wenyewe. Kamsikiliza mpaka mwisho, kamwambia: "Mwanangu, jina langu unalo, lipo nyuma ya picha. La kwanza ni la mwenzangu, la pili ndilo langu. Yaandike hivyo hivyo yalivyofuatana." Kanirudishia simu, kaenda kulala.

NAHARIRI TENA: wengi mmeniuliza PM kama ile nakala ya pili ipo. Sijui. Ilikuwa kwa yule mama. Watu wake walikuwa wa Kemondo, yeye aliuza ndizi Mlango Mmoja miaka ya tisini mwanzoni, alikuwa na watoto wawili wa kiume, mkubwa alikuwa anasoma Nyegezi wakati wa ajali. Kama kuna mtu kwenu ana picha ya wanawake wawili, mmoja kakaa na redio, mwingine kasimama nyuma kavaa gauni la maua na bangili mbili, muhuri wa zambarau nyuma, tafadhali nicheki. Siihitaji iondoke kwako, nitakuja mwenyewe kuiona, bi mkubwa nitamleta.