Tupeane uzoefu: sabufa na ampli ya gari ilikusumbuaje, na uliikamataje?

Mwenye Noah (mwanzisha mada)
Wakuu, salaam. Wiki tatu nimeishi na mluzi kwenye spika. Nikiwasha gari unaanza taratibu, nikikanyaga mafuta unapanda, nikiachia unashuka, kama mbu aliyepanda garini kwa nauli. Fundi wa kwanza alisema alteneta imekufa. Wa pili akasema ampli ni feki, ila anayo nyingine ya kuniuzia.

Jumapili nikaamua kuhangaika mwenyewe. Injini ikiunguruma, nikachomoa waya za RCA (zile zinazoleta sauti kutoka kwenye redio) kwenye ampli. Kimya! Basi ampli haina kosa, uchafu unaingia kupitia RCA. Nikafunua kapeti. RCA na waya mnene wa betri zimelazwa pamoja na kuzungushiwa tepu kutoka kwenye dashibodi hadi buti, utadhani mapacha. Ethi ya ampli (waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi) nayo imebanwa kwenye boliti ya kiti, juu ya rangi.

Nikahamishia RCA upande wa pili wa gari. Ethi nikaitafutia sehemu ya bodi karibu na ampli, nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikafunga kipande kifupi chenye unene uleule wa waya wa chanya. Mluzi kwisha. Nilichonunua ni msasa na boliti moja tu. Haya, leteni yenu.

Mwenye Probox
Mkuu, mimi yangu ilikuwa inapiga nyimbo mbili safi, ya tatu besi ikishuka chini tu, puu, taa nyekundu ya protekti, yaani ampli imejizima kujilinda. Nazima, nasubiri, nawasha, inarudia. Nina sabufa mbili, kila moja ina koili mbili (nyaya zilizosokotwa zinazosukuma karatasi la spika) za omu 4. Omu ni kipimo cha ukinzani, zikipungua ampli inabeba mzigo mkubwa zaidi. Fundi alizifunga zote nne sambamba ili "zipige zaidi". Ukipiga hesabu hapo inabaki omu 1, na ampli yangu imeandikwa ubavuni kabisa isishuke chini ya omu 2. Nikaunga koili za kila sabufa mfululizo, zikawa omu 8, halafu sabufa zenyewe sambamba, ikawa omu 4. Mziki umepungua kidogo, sikatai, lakini ampli haikaangi tena mayai.

Ukipima koili ya omu 4 kwa mita ukaona 3.4 usikimbilie kusema imeungua. Ndivyo inavyosoma.

Mwenye Vitz
Yangu ya ajabu. Sabufa mbili, besi hakuna. Nikichomoa moja, besi inarudi! Nikadhani nimelogwa. Mzee mmoja wa redio mtaani kwetu akachukua betri ya tochi ya volti 1.5, akagusisha nyaya za sabufa ya kwanza, chanya kwa chanya. Karatasi likasogea nje. Ya pili, likaingia ndani. Moja ilifungwa kinyume, kwa hiyo zilikuwa zinauana. Akageuza nyaya mbili, akaomba soda.

Mwenye IST
Siku mbili nimefungua viti na kapeti. Kumbe sabufa ilikuwa imezimwa kwenye menyu ya redio. Sina la kuongeza.

Fundi
Mimi ndiye mnayeniletea zikiwa zinanuka koili. Ndugu zangu, geini (kile kitufe cha ampli cha kulinganisha na nguvu ya sauti inayotoka redioni) siyo volyumu. Ukiifungua mpaka mwisho, mawimbi yanakatwa vichwa na koili inapata moto mkali wakati karatasi halitembei vya kutosha kuipooza. Weka redio robo tatu, besi busti sifuri, panda na geini polepole mpaka sauti ianze kukwaruza, kisha rudi nyuma kidogo. Kitufe cha kuchuja, kinachozuia sauti za juu zisifike kwenye sabufa, kiache kwenye Hz 80 hivi.

Na waya mkwangue kwa wembe kabla ya kulipa. Ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba, unatakiwa uchukue mnene zaidi. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Ya kukaa buti hailindi waya, na waya ndio unaounguza gari.

Mwenye Noah
Fundi, shikamoo. Taa za mbele kucheza na besi je?

Fundi
Marahaba. Washa injini, pima kwenye betri, utapata kama 13.8 hadi 14.4. Halafu pima kwenye ampli besi ikigonga. Zikishuka zote mbili, angalia betri na alteneta. Ikishuka ya ampli peke yake, umeme unapotelea njiani.

Mwenye Noah
Nimetoka kupima. Betri 14.1, ampli 12.2. Nimefungua kibebeo cha fyuzi, plastiki imeyeyuka upande mmoja na skrubu ilikuwa inazunguka kwa kidole.

Mwenye Probox
Usiendeshe hivyo mkuu. Chomoa.