Naomba ushauri: sauti inanikauka na onyesho limekaribia

Wakuu, habari zenu. Nasoma shahada ya sanaa za maonyesho, mwaka wa 2. Mchana niko darasani, jioni mazoezi hadi saa 4 usiku, halafu insha za nadharia zinanisubiri. Hayo navumilia. Kinachonitesa ni sauti. Naigiza mama aliyefiwa, na kwenye sehemu ya tatu ya mchezo kile kilio kinatoka kooni badala ya tumboni. Asubuhi naamka siwezi hata kuitikia salamu. Maji nakunywa, mazoezi ya pumzi nafanya, hata kunong'ona nimeacha maana nako kunachosha koo. Zimebaki wiki 2 tupande jukwaani, na nafasi hii naipenda mno. Nimwombe mwongozaji nipunguze kilio wakati wa mazoezi, au ataona siiwezi? Mliopitia haya, mlifanyaje?