Theluji yangu inaonekana kama chokaa

Swali
Ndugu wachoraji, ninachora kwa rangi za maji ndege wadogo watatu waliotua kwenye tawi lenye theluji, nami nataka waonekane kama walivyo porini, si kama pambo la kadi. Kila ndege peke yake ananiridhisha, kwa kuwa manyoya yake nimeyapaka unyoya kwa unyoya, lakini nikiutazama mchoro mzima naona theluji ni chokaa na ndege wamebandikwa juu yake. Nimekosea wapi?

Jibu la kwanza
Naona tatizo ni mwanga. Theluji huakisi mwanga kuelekea juu, kwa hiyo tumbo la ndege, ambalo juu ya udongo mweusi lingekuwa na giza, hupata mng'ao hafifu kutoka chini. Ukilipaka kijivu kizito unamtenga ndege na mahali alipotua. Vivuli navyo visiwe vyeusi, maana siku ya jua kivuli kilicholala juu ya theluji huangazwa na anga, ndipo kikapata rangi ya samawati. Tazama mchoro wa Claude Monet wa mwaka 1868 hadi 1869, ulioko kwenye jumba la makumbusho la Musée d'Orsay mjini Paris, ambamo ndege mmoja wa jamii ya kunguru ametua juu ya lango na uzio umetupa vivuli vya samawati. (Monet hakuwa mchoraji wa wanyamapori, lakini kwa theluji namwamini.) Weupe mtupu wa karatasi uubakize pale tu jua linapopiga moja kwa moja.

Jibu la pili
Naafiki, ila mimi ningeanza na umbo. Ndege mdogo penye baridi hututumua manyoya ili yashike hewa, hivyo huwa mviringo, shingo imezama, na pengine mguu mmoja ameuficha tumboni. Unyoya kwa unyoya nao upunguze: mchoraji wa wanyama Bruno Liljefors wa Sweden (1860–1939), ambaye pia alikuwa mwindaji, mara nyingi aliwaacha wanyama wake wakaribie kupotea ndani ya mandhari, kwani ndivyo jicho linavyowakuta porini.

Muulizaji
Ahsanteni. Nimelilowesha tumbo la ndege wa kati na kuinyonya rangi kwa brashi safi, na tayari ameanza kukaa kwenye tawi. Wawili waliobaki ni wembamba mno. Hao nitawachora upya.