Happy Death Day 2U: nimwonyeshe mdogo wangu aliyefiwa na mama, au nimtafutie muvi nyingine?

Bint_Kigoma
Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri kwa mlioiangalia hii muvi. Ambao bado, mnisamehe, siwezi kueleza shida yangu bila kutoboa siri zake.

Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha tatu. Sote wawili ni wagonjwa wa muvi za kumsaka muuaji, na Happy Death Day ya 2017 tumeirudia mpaka anayajua maneno. Ni ile ya Tree, mwanachuo anayeuawa siku ya kuzaliwa kwake na mtu mwenye kinyago cha sura ya mtoto mchanga. Kila akifa anaamka asubuhi ileile chumbani kwa Carter, mwanachuo mwenzake anayekuja kuwa mpenzi wake, mpaka ambaini anayemuua.

Mama yetu alifariki mwaka jana. Tangu hapo hatujakaa tukaangalia kitu pamoja. Wiki hii mwenyewe kaniomba tuangalie sehemu ya pili, ya 2019. Nimeitangulia peke yangu. Nilitegemea marudio tu, maana sehemu za pili nyingi huja kuchuma hela kwa jina la ya kwanza. Hii imenipita matarajio kabisa. Inaeleza hata kwa nini siku ilikuwa inajirudia, jambo ambalo ya kwanza haikuligusa: ni mtambo wa kina Ryan, anayeishi chumba kimoja na Carter, pale maabara ya chuo. Halafu huo mtambo unamtupa Tree kwenye dunia nyingine inayofanana na yake. Anaenda mgahawani kula na baba yake siku ya kuzaliwa, na anayetokea ni mama yake, yule aliyekwisha kufa. Mzima. Nilisimamisha pale, nikalia mpaka nikachoka.

Sasa nifanyeje? Nimwache aangalie bila kumwambia, nimweleze mapema, au niizime hii habari?

Mzee wa Projekta
Pole sana dada, Mungu amlaze mama mahali pema.

Mimi ningesema mwonyeshe, na sababu ni hiyohiyo inayokutia hofu. Kwenye sehemu ya kwanza swali lilikuwa moja tu: muuaji nani? Hapa Christopher Landon, aliyeiongoza ile na hii kaiandika pia, kaweka swali zito zaidi. Lori, mwenzake wa chumbani aliyekuwa muuaji kule, huku hana kosa, na kinyago kakivaa mtu mwingine. Kwa hiyo Tree anaanza upya kumtafuta mtu. Lakini kinachomtesa hasa ni kwamba dunia yenye mama ndiyo Carter ni mpenzi wa Danielle, msichana mwingine wa chuoni, na dunia yenye Carter wake haina mama. Achague. Na miaka ambayo mama huyu ameishi na binti yake, Tree hakuiishi, hana kumbukumbu nayo hata moja. Jessica Rothe, anayeigiza Tree, anaibeba hiyo sehemu kwa uso tu. Ndani ya dakika kumi unacheka, unaogopa, unalia.

Usimwambie. Mshtuko wa mgahawani ndio moyo wa muvi.

Mama Jeni
Mzee wa Projekta, kwa hilo nakukatalia. Mtoto aliyezika mama juzi si wa kushtukiziwa mama. Mwambie mwanangu, tena mapema, akiwa ametulia. Hao wenye muvi wenyewe walifikiria waliofiwa: ilikuwa itoke 14 Februari 2019, siku ileile ya kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu wanafunzi wapigwe risasi pale shuleni Parkland, Florida. Wakaitoa siku moja kabla, tarehe 13, kwa heshima ya wafiwa. Kama Universal, kampuni iliyoisambaza, waliweza kubadili tarehe, dada mtu hashindwi kusema maneno mawili.

Kizibo
Mimi nilihofia damu kwa umri wake, ila huko Marekani iko kwenye kundi la PG-13 (wazazi wawe waangalifu kwa walio chini ya miaka 13), machinjo hayaonyeshwi kwa karibu. Ya kwanza ilitisha kuliko hii.

Mlezi_Sengerema
Pole dada. Wote mmeongelea mama, mimi nina wasiwasi na kingine. Katikati, Tree anajiua mara kadhaa kwa makusudi, na imepigwa kwa staili ya kuchekesha: anaruka kwenye ndege bila parachuti, anakunywa dawa ya kuzibua mabomba. Wewe na mimi tunaelewa ni mzaha wa hadithi. Kwa binti mwenye huzuni ambaye hajaongea na mtu, siwezi kuwa na uhakika.

Kabla ya muvi, kaa naye umuulize waziwazi analalaje, anakula, amewahi kutamani kumfuata mama? Ukimuuliza hutampandikizia wazo. Jibu likikutisha, muvi isubiri, na mumpeleke kwa mtu anayejua kusikiliza, hospitali au mwalimu wa malezi.

Bint_Kigoma
Asante Mlezi, hilo sikuliwaza kabisa. Je, nikiruka kile kipande tutapoteza mtiririko?

Mzee wa Projekta
Mtapoteza kidogo, ila unaweza kumsimulia. Mtambo ule unahitaji hesabu sahihi ili umrudishe kwao, na kila siku ikianza upya wale vijana wanasahau yote waliyojaribu. Anayekumbuka ni Tree peke yake. Ndiyo maana anakariri hesabu zilizofeli, anakufa, anaamka, anawatajia waendelee na nyingine. Na si bure: mwili unadhoofika, mpaka anazimia. Hapo muvi inakiri kwamba kufa kule kuna gharama.

Na kuhusu kumwambia, Mama Jeni kaniweka sawa. Mwambie.

Bint_Kigoma
Nimeongea naye jana usiku. Analala vizuri, ila ameniambia anaogopa kuisahau sauti ya mama, tukakaa tukasikiliza voisi zake za WhatsApp. Nimemwambia kuna mama anarudi humo ndani. Amenyamaza, kisha akaniuliza, "Anaongea naye?" Nikamjibu ndiyo, tena sana. Kasema anataka kuiona. Jumamosi mchana tunaiangalia, kile kipande cha kujiua nitakiruka nimsimulie.

Mama Jeni
Vizuri mwanangu. Mchana ni bora kuliko usiku. Zimeni simu.

Kizibo
Majina yakianza kupanda msifunge laptopu, kuna kipande kinakuja hapo katikati na Danielle yumo.