Mazda CX-5 ya familia: nibaki na matairi ya inchi 19 au nishuke hadi inchi 17?

Msafiri wa Usambara:
Habari za leo, ndugu zangu. Ninaomba ushauri kuhusu Mazda CX-5 ya dizeli ya mwaka 2013, inayovuta magurudumu yote manne, ambayo ilifika kutoka Japani ikiwa na rimu za inchi 19 na matairi ya 225/55R19. Siku za kazi gari hubeba watoto watatu hapa Dar es Salaam, na mara tatu au nne kwa mwaka hutupeleka nyumbani kupitia Chalinze, Segera na Mombo hadi Lushoto, kisha hupanda barabara ya mawe inayoingia kijijini kwetu. Katika safari ya mwisho matairi mawili ya mbele yaliota nundu ubavuni baada ya kuingia shimoni, ilhali ya nyuma bado yana nusu ya kashata, yaani meno ya mpira yanayokanyaga barabara.

Nilipouliza bei, niligundua kwamba matairi manne mapya ya inchi 19 yanakaribia gharama ya matairi manne ya inchi 17 pamoja na rimu zake za mtumba. Muuzaji mmoja ananishawishi nichukue rimu za Toyota Harrier, kwa hoja kwamba zina matundu matano na nafasi kati yake ni ileile. Je, nibadilishe mawili tu ya mbele, ninunue manne ya 19, au nishuke hadi 17? Na rimu hizo za Harrier zinafaa?

Fundi wa Magurudumu:
Ndugu Msafiri, shuka hadi 17, kwa kuwa hicho si kipimo cha kubuni: CX-5 zilitoka kiwandani zikiwa na 225/65R17 au 225/55R19 kulingana na toleo, hata zile za dizeli, kwa hiyo breki zako hazitagusa rimu ndogo. Piga hesabu mwenyewe. Milimita 225 za upana, kwa asilimia 65, zinatoa ubavu wa milimita 146. Ubavu huo huhesabiwa mara mbili, juu na chini, kisha huongezwa kipenyo cha rimu ambacho kwa inchi 17 ni milimita 432, na jumla inakuwa milimita 724. Kwa tairi lako la sasa ubavu ni milimita 124 tu, na jumla ni 730. Kimo cha gari na usomaji wa spidomita havibadiliki kwa kiasi cha kukusumbua, lakini unapata milimita 22 zaidi za mpira kati ya rimu na jiwe, na hizo ndizo zinazookoa ubavu usipasuke ukingoni mwa shimo.

Kuhusu kubadilisha mawili tu, kwa gari lako nisingefanya hivyo. Tairi jipya huwa na kina cha kashata cha milimita 8 hivi. Lililobaki nusu lina 4, na kwa kuwa kipenyo hupungua pande zote mbili, tofauti kati yao ni milimita 8. Hiyo inazidi tofauti ya kipimo cha 17 na 19 tuliyoipata sasa hivi! Magurudumu ya mbele yakizunguka kwa kasi isiyolingana na ya nyuma, kiunganishi kinachopeleka nguvu nyuma hudhani kwamba gurudumu linateleza, hushika na kuachia bila sababu, na hatimaye hupata joto. Ungekuwa na gari linalovuta mbele peke yake ningekuruhusu mawili, na ningekuambia uyaweke nyuma, ingawa wengi huyaweka mbele kwa mazoea. Matairi ya nyuma yakiwa kipara, gari hujizungusha kwenye maji ya mvua na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha.

Rimu za Harrier ziache. Muuzaji hakudanganya kuhusu matundu, maana magari yote mawili yana nati tano kwenye duara la milimita 114.3, lakini tundu la kati la rimu ya Toyota ni milimita 60.1, na kitovu cha Mazda kinahitaji 67.1. Haiingii. Wapo wanaoipeleka kwa mkereza vyuma ili ipanuliwe, na hapo hujitokeza tatizo la pili ambalo halionekani kwa macho: rimu nyingi za asili za Toyota hukaliwa na nati bapa yenye washa (kisahani cha chuma), ilhali nati za Mazda zina umbo la koni. Nati ya koni kwenye kikalio bapa hugusa ukingo tu, na haikai imara hata ukiikaza kwa nguvu zote. Tafuta rimu za CX-5 yenyewe. Za inchi 17 zipo nyingi kwa wauza mitumba kwa sababu wenye magari huzivua ili waweke kubwa za mapambo.

Mama Nakuru:
Ninakubaliana na fundi, ila ninaongeza onyo kwa anayefikiria kununua matairi ya mtumba pamoja na rimu. Rimu kutoka Japani mara nyingi huja zikiwa zimevaa matairi ya theluji, ambayo yana kashata nene za kuvutia na mikato midogo mingi kama nywele. Soma ubavuni: ukiona neno "STUDLESS", yaondoe, kwa maana mpira wake ni laini mno kwa lami yetu ya joto, huisha upesi na hauna breki nzuri kwenye mvua. Mimi yalinidanganya mwaka mmoja mzima. Soma pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT. 3519 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019.

Na usisahau namba ya uzito. Kipimo cha 225/65R17 kwa kawaida huandikwa 102, maana yake kilo 850 kwa kila tairi. Ukipewa lenye namba ndogo kuliko hiyo kwa sababu ni rahisi, na unabeba watoto watatu na magunia ya viazi, utakuwa umeokoa pesa mahali pasipofaa.

Msafiri wa Usambara:
Ninawashukuru sana, fundi na dada wa Nakuru. Nimepata rimu nne za CX-5, na nitanunua matairi mapya 225/65R17 yenye namba 102. Limebaki jambo moja: gari lilikuja bila tairi la akiba, lina chupa ya dawa na pampu ndogo tu. Je, nitafute rimu ya tano?

Fundi wa Magurudumu:
Itafute, kwa njia yako hiyo. Dawa ya chupa huziba tundu la msumari kwenye kashata, lakini ubavu uliochanwa na jiwe haiuwezi. Tairi kamili huenda lisizame lote chini ya sakafu ya buti, nawe utalazimika kuinua mkeka kidogo. Mzigo upange juu yake. Upepo ujaze kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, ukiangalia mstari wa inchi 17. Kikiwa cha Kijapani kimeandikwa kwa kPa, kwa hiyo gawanya kwa 6.9 upate psi, na usikubali kijana wa kujaza upepo akukadirie kwa kupiga tairi teke. Ukishafika Chalinze simama, gari lipoe, kisha kaza nati zote tena kwa spana ya mkono.