Tupeane uzoefu: ulijuaje kotesheni ya kubadilisha AC ni ya haki?

Jirani wa Ziwa (Kisumu)
Wadau, AC ya chumba cha wazee huku Mamboleo imekataa kupoza. Fundi wa kwanza kaniletea kotesheni ya Sh145,000, mstari mmoja tu: "kubadilisha AC 18,000 BTU pamoja na kazi." (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza.) Wa pili kataja Sh85,000 akiwa amesimama mlangoni, hata ngazi hakupanda. Nambari za mafundi ninazo tele, msinitumie. Nataka waliowahi kubadilisha waseme bei waliipimaje.

Mama Junior (Milimani)
Kabla ya bei, nani amesema lazima ibadilishwe? Yangu stima ilipotea ikarudi, ikawa feni ya nje inazunguka lakini ndani inaingia hewa ya kawaida tu, na huko nje unasikia mngurumo unaanza unakatika. Fundi wa kwanza akasema kompresa, ile pampu inayozungusha gesi ya kupoza, imekufa, mashine nzima itoke. Nikaita mwingine. Huyu alizima swichi kubwa, akafungua kifuniko cha ubavuni, akanionyesha kikopo cha alumini kilichovimba kichwa kama chapati inayofutuka juu ya kikaango. Ni kapasita, ile inayoisukuma kompresa ianze. Akaweka nyingine na bili yote haikufika Sh4,000. Mashine inapoza mpaka leo.
Kwa hivyo kotesheni isiyosema ni kifaa gani kimekufa na kilipimwa vipi, mimi hata bei siangalii.

Fundi Baridi
Mama, umesema kweli, lakini usitufanye sote wezi 😅. Mimi ni fundi wa friji na AC hapa Kisumu. Kuna mashine nikikuambia itoke, itoke. Nyingi za zamani zinatumia gesi ya R22, ambayo inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni. Kompresa ya R22 ikifa, kununua nyingine ni kumwaga pesa.
Sasa ndugu yetu wa Mamboleo, sikiza. AC mpya zinakuja na R410A au R32. Presha yake inazidi ya R22 kwa zaidi ya nusu, na mafuta ya kompresa si yale yale. Fundi asiyepanda ngazi huenda anapanga kufunga mashine mpya kwenye bomba zako za zamani. Muulize: bomba za shaba ni mpya? Mita ngapi? Na kila mita ya ziada ni pesa ngapi? Kama ni za zamani, zitaoshwa na nini, na unene wake unahimili presha?
Halafu tafuta neno "vakyumu" kwenye karatasi. Baada ya kuunganisha bomba, pampu lazima ivute hewa na unyevu wote kabla gesi haijafunguliwa. Wapo wanaofungua gesi kidogo isukume hewa nje, dakika mbili kazi imekwisha. Mashine itapoza vizuri tu, mpaka ule unyevu uliobaki uanze kula kompresa.

Jirani wa Ziwa
Fundi, na yule aliyekuwa akija kujaza gesi kila baada ya miezi michache?

Fundi Baridi
Gesi haiishi kama petroli. Inazunguka ndani ya bomba zilizofungwa, ikipungua kuna mahali inavuja. Anayejaza bila kutafuta uvujaji anakuuzia gesi ileile kila mara.

Nyar Kano, Doha
Mimi niko mbali, wazazi wangu wanaishi Kisumu, kwa hivyo kitu bila picha sitaki. Nilimwambia ndugu yangu apige picha ya kibandiko kilicho ubavuni mwa mashine ya nje. Kinaonyesha modeli, aina ya gesi na umeme inaovuta. Kotesheni nayo nikataka iandike modeli kamili ya mashine mpya, si "AC nzuri ya inveta". Ukiwa na modeli, bei ya mashine unaiuliza dukani mwenyewe. Kinachobaki ni bomba, waya na kazi, na hapo ndipo watu wanapofichia.
Mmoja alitaka kutuwekea 24,000 BTU kwenye chumba cha vitanda viwili, eti "ipoze haraka." Mashine kubwa kupita chumba inafikisha baridi upesi, inazima, kabla haijakausha hewa. Na huko kwetu si joto tu, kuna unyevu wa ziwa. Unalala kwenye baridi yenye majimaji. Aliyepata kazi ni yule aliyeingia na futi, akapima chumba, akauliza dirisha linaelekea wapi na juu ni mabati matupu au kuna dari. Bei yake haikuwa ya chini kuliko zote.

Kijana wa Lanet
Huku Nakuru AC si shida yetu, shida ni maji ya kuoga Julai. Lakini michezo ni ileile. Sola hita ya mama ilianza kutoa maji vuguvugu, kampuni moja ikaleta kotesheni ya kubadilisha yote, tangi na mirija. Nilipanda juu ya paa. Ile mirija ya kioo ina rangi ya fedha kwenye ncha ya chini. Mrija ukipoteza vakyumu, ncha inageuka nyeupe kama maziwa. Mitatu tu ndiyo ilikuwa nyeupe. Tangi halikuwa na kutu wala kuvuja. Tulinunua mirija mitatu. Kazi ifanywe asubuhi mapema, maana mrija mtupu uliochomwa na jua ukiingiwa na maji baridi unapasuka.

Mluhya wa Mjini (Kakamega)
Mbona nyote mnaogopa bei ya juu tu? Linganisha vitu vinavyofanana. Je, hiyo 145,000 ina VAT ya asilimia 16 ndani na risiti ya eTIMS, ule mfumo wa risiti za kodi wa KRA, na ile 85,000 ni ya mkononi? Dhamana ni ya nani, ya mashine au pia ya kazi? Pesa inaingia till ya biashara au simu ya fundi? Mimi nililipa ya juu, na ilipovuja walirudi wenyewe bila kunidai senti.

Fundi Baridi
Na mkiita watu watano kukagua, walipeni nauli jamani. Petroli hainunuliwi kwa "nitakucheki."

Jirani wa Ziwa
Nimerudi. Wa 145,000 nimemwambia atenganishe: mashine na modeli yake, bomba, waya na swichi ya AC peke yake, vakyumu, kazi, VAT. Imerudi 128,000. Nilipouliza zile 17,000 zimeenda wapi, akasema "nilikuwa nimeweka stendi mbili." Wa 85,000 hashiki simu. Kesho huyu wa kwanza anakuja na mita kupima kompresa mbele yangu, na nauli nimempa.

Mama Junior
Aanze na kapasita!

Fundi Baridi
Na muulize maji ya AC yatatokea wapi. Kama bomba linaelekea kwa jirani, hiyo ni kesi nyingine.